Trauti Yuko Karibu na Miguu Yako: Mwongozo wa Kuvua kwa Nzi Bandia Kwenye Maziwa ya Mlima Kenya

Mvuvi mgeni akifika kwenye ziwa la mlimani huwa na pupa ya aina moja: anaingia majini mpaka magotini, anarusha kamba mbali kadiri ya nguvu zake, kisha anashangaa mbona hakuna anayeuma. Samaki aliowafuata walikuwa palepale alipokanyaga. Kwenye maziwa ya juu chakula kingi kiko ukingoni, ambako kina ni kifupi, jua linafika hadi chini, na majani na mawe yanawapa wadudu maficho. Trauti huzunguka eneo hilo kama askari wa doria, akirudia njia yake ileile saa baada ya saa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupandisha hema na fimbo yake hadi maziwa ya Mlima Kenya, hasa upande wa Chogoria, avue kwa nzi bandia, ale samaki mmoja au wawili, na ashuke akiwa mzima. Ukiusoma hadi mwisho utaona kwamba karibu kila ushauri unarudi palepale: mlima na samaki wote wawili humwadhibu mwenye haraka.

Mjue samaki mwenyewe

Trauti si mwenyeji wa milima yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, wakapandikizwa kwenye mto Gura katika milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua alifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Baadaye walisambazwa kwenye mito mingine ya nyanda za juu na kwenye maziwa ya mlimani.

Samaki wa nchi za baridi anawezaje kuishi karibu kabisa na ikweta? Kwa sababu ya kimo. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Trauti hustawi kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 16 hivi. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kuhangaika, kwa kuwa maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo.

Kwenye maziwa utakutana zaidi na trauti wa upinde wa mvua. Ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni na madoa meusi madogo yanayofika hadi mkiani. Hutaga mayai kwenye changarawe penye maji yanayotiririka, ndiyo maana midomo ya vijito ni mahali pa kupaheshimu na kupachunguza.

Ziwa gani, na majira gani

Kwa safari ya kwanza chagua Ziwa Ellis. Liko kwenye kimo cha karibu mita 3,450, mwendo wa saa tatu hadi nne kwa miguu kutoka lango la Chogoria. Limezungukwa na nyanda wazi za nyasi za mafungu na vichaka vya erika, kwa hiyo una nafasi ya kurushia kamba nyuma yako, na sehemu kubwa ya ukingo inapitika.

Mwenye miguu na mapafu yaliyozoea anaweza kuendelea hadi Ziwa Michaelson, lililo karibu mita 3,950, chini ya ukuta wa miamba katika bonde lenye magenge. Tenga siku nzima kutoka Ellis. Huko utavua chini ya miamba mirefu, katikati ya lobelia na senesio zinazozidi kimo cha mtu, lakini upepo wa bondeni ni mkali na usiku ni wa barafu.

Upande wa kaskazini kuna Rutundu, na juu yake Ziwa Alice. Rutundu ndiko Mwanamfalme William alikompeleka Catherine Middleton mwaka 2010, na wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza kupitia habari za uchumba wao. Wavuvi walikuwa wakilijua zamani.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Epuka masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mvua yenyewe haiwazuii samaki kula, ila barabara ya kutoka mji wa Chogoria hadi langoni, takriban kilomita 30 za kupanda msituni, huweza kuwa ngumu kupitika.

Vibali na sheria

Eneo hili ni hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS. Lipa ada za kuingia na za kambi kwenye mfumo wa eCitizen kabla hujafika mahali ambapo mtandao unapotea. Kumbuka kwamba ada ya hifadhi na leseni ya kuvua ni mambo mawili tofauti. Uliza mapema leseni inatolewa wapi, samaki wangapi wanaruhusiwa kwa siku, na wa urefu gani. Usikubali jibu la “twende tu, hakuna anayeuliza.”

Mambo mawili huwashtua wageni langoni. Kwanza, tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya, kwa hiyo chupa za maji za dukani ziache nyumbani. Pili, huruhusiwi kuwasha moto wa kuni. Erika na nyasi kavu huwaka kwa kasi ya kutisha. Moto uliteketeza maeneo makubwa ya nyanda hizi mwaka 2012, na tena mwaka 2019. Pika kwa jiko la gesi.

Usiende peke yako. Chukua kiongozi anayelijua ziwa unalolitaka, na wapagazi ikiwa mzigo ni mzito. Mwambie tangu mwanzo kwamba safari yako ni ya kuvua. Viongozi wengi wamezoea watu wanaokimbilia kilele cha Lenana, na ratiba yao haina nafasi ya mtu anayetaka kukaa mchana kutwa ukingoni mwa maji.

Panda kama mtu asiye na miadi

Mji wa Chogoria uko kwenye mita 1,500 hivi. Lango liko karibu na mita 2,950. Aliyeamka Nairobi akalala langoni amepanda zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja, na anayetoka Mombasa au Dar es Salaam ndiye aliyepanda zaidi. Lala langoni usiku wa kwanza, na ukitoka pwani lala mbili. Kutoka hapo kanuni ni kwamba juu ya mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kutoka langoni hadi Ellis kunatimiza kiasi hicho chote, kwa hiyo usidanganywe na ufupi wa njia ukaunganisha Ellis na Michaelson kwa siku moja.

Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatikakatika ni mambo ya kawaida. Pumzika, kunywa maji, usipande tena mpaka yaishe. Hali ikizidi, shuka. Zipo dalili zisizosubiri asubuhi: mtu anahema akiwa ameketi tu, anakohoa mate yenye povu, anayumba kama mlevi, au anajibu maswali ovyo. Mteremshe usiku huohuo. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea kimo, lakini muulize daktari kabla ya safari, na usiitumie kama ruhusa ya kukimbia.

Mzigo wa mvuvi

Fimbo moja inatosha: ya futi 9, yaani mita 2.7, ya kamba namba 5 au 6. Nunua ile inayogawanyika vipande vinne ili iingie kwenye begi. Namba 6 ndiyo bora penye upepo. Katika uvuvi huu nzi hana uzito wa kumpeleka popote, kinachorushwa ni kamba nene, na nzi anaifuata. Ndiyo maana namba ya kamba na ya fimbo lazima zioane.

Chukua kamba ya kuelea. Ukiwa na nafasi, ongeza nyingine inayozama polepole kwa ajili ya siku za upepo. Mwishoni mwa kamba funga uzi wa nailoni unaopungua unene, wa urefu wa mita 2.7 hadi 3.5, ambao ncha yake inahimili kilo 2 hadi 3. Beba mzingo wa akiba wa uzi huo wa ncha. Mawe na vichaka vitautafuna.

Vingine ni vidogo lakini havikosekani: wavu wa mkono wenye nyuzi za mpira, koleo nyembamba ya kuchomolea ndoana, mkasi mdogo, na miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji. Miwani hiyo ina kazi mbili, kukuonyesha samaki na kuyakinga macho yako dhidi ya ndoana inayopeperushwa na upepo. Kofia yenye ukingo ni lazima, na mafuta ya kukinga jua pia, kwani jua la mita 3,500 huunguza hata kukiwa na mawingu.

Miguuni, gambuti zinatosha. Hutahitaji suruali ndefu za kuingilia majini, na ni afadhali usiwe nazo, maana zinakualika mahali usipopaswa kukanyaga. Kama vifaa vyako vimetumika kwenye mto au bwawa lingine, vioshe na vikauke kabisa kabla ya safari ili usihamishe vijidudu na mbegu za magugu.

Wadudu wa kubeba

Visanduku vilivyojaa nzi mia ni fahari ya duka. Kwa maziwa haya aina nne zinatosha, kila moja vipande vitatu au vinne, kwa sababu utapoteza baadhi.

*Woolly Bugger*, ndoana namba 8 au 10, mweusi na wa kijani cha zeituni. Mkia wake wa manyoya laini hupepea majini, na samaki humwona kama buu la kereng'ende au ruba. Ukilazimika kubeba aina moja tu, beba huyu.

*Buu dogo la kuzama*, namba 12 au 14, la kahawia, lenye ushanga wa shaba kichwani ili lishuke haraka. Ni la siku tulivu, samaki wanapookota vidudu chini.

*Nzi wa kuelea*, namba 12 au 14, kwa mfano Coachman au yeyote mweusi mdogo. Ni wa jioni au asubuhi, unapoona viduara vinatokea juu ya maji.

*Kenya Bug*, namba 10, mweusi, anayejulikana sana kwa wavuvi wa trauti wa Kenya. Huwafaa samaki wa mtoni na wa ziwani vilevile.

Kabla ya kuondoka nyumbani bana kijino cha kila ndoana kwa koleo mpaka kilale. Ndoana isiyo na kijino humtoka samaki kwa urahisi, na hukutoka wewe pia, na zahanati iko mbali.

Fundo moja, ulijue gizani

Kwa kufunga nzi unahitaji fundo moja tu, lakini ulifanyie mazoezi nyumbani mpaka vidole vilijue bila macho, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi kando ya Ellis vidole vimekufa ganzi.

Pitisha ncha ya uzi kwenye tundu la ndoana, uvute sentimita 15 hivi. Izungushe ncha hiyo kwenye uzi mkuu mara tano. Sasa utaona kitanzi kidogo kimebaki karibu kabisa na tundu. Ingiza ncha humo. Kuingiza huko kumezaa kitanzi cha pili kikubwa. Pitisha ncha ndani yake. Hapo usivute bado. Lilowanishe fundo kwa mate, kisha vuta uzi mkuu polepole ukiangalia mizunguko inavyojipanga mmoja kando ya mwenzake mpaka ibane tundu. Nailoni inayovutwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika, na hutaona kasoro mpaka samaki mzuri aikate. Kata mkia wa uzi, kisha ujaribu kwa kuuvuta kwa nguvu. Likikatika mkononi, afadhali.

Mahali pa kulala

Piga hema kwenye eneo la kambi lililotengwa, au angalau hatua sabini kutoka majini. Ukingo ni mahali pa wanyama kunywa. Nyati hufika nyanda hizi, na tembo pia hupanda kuliko watu wanavyodhani. Mwombe kiongozi akuonyeshe njia zao, uliache hema mbali nazo. Usiku ukitoka nje, washa tochi ya kichwani na umulike pande zote kabla ya hatua ya kwanza.

Asubuhi mara nyingi huwa kweupe, mawingu hupanda kutoka mabondeni karibu na saa sita mchana, na mvua au mvua ya mawe huweza kufuata alasiri. Usiku joto hushuka chini ya sifuri. Lala na nguo kavu zilizotengwa kwa kulalia tu, na uweke mtungi mdogo wa gesi ndani ya mfuko wa kulalia, kwani gesi baridi huwaka kwa unyonge.

Maji ya kunywa yachemshe dakika tatu nzima. Kwa kimo cha Ellis maji huchemka kwenye nyuzi 88 au 89 hivi, na hilo linaamua chakula cha kubeba. Maharagwe makavu yatakumalizia gesi bila kuiva. Beba githeri iliyokwisha kuchemshwa, kamande, mchele, na unga wa ugali.

Lisome ziwa kabla ya kulitia kamba

Ukifika, acha fimbo ndani ya ala yake. Panda mahali palipoinuka kidogo, jua likiwa mgongoni, uketi nusu saa na miwani yako. Tafuta mambo haya:

1. *Mahali rangi inapobadilika.* Maji ya kahawia au kijani chepesi ni ya kina kifupi. Penye weusi ghafla pana genge la chini. Mpaka wa rangi hizo mbili ni njia ya samaki.
2. *Mdomo wa kijito.* Huleta maji yenye hewa na vidudu vilivyosombwa.
3. *Rasi na mawe makubwa.* Samaki wanaozunguka hulazimika kupita karibu na ncha ya rasi.
4. *Ukingo unaopigwa na upepo.* Upepo husukuma wadudu walioanguka majini upande huo. Ni kuzuri hata kama kuvua huko kunachosha.

Kisha tafuta samaki mwenyewe. Usitazamie umbo zima. Utaona kivuli kinachosogea juu ya changarawe wakati mwili wenyewe umefanana na maji, au weupe wa mdomo ukifunguka na kufunga, au jani ambalo lilikuwa chini na sasa limehama. Mara umwone mzima: kichwa kimeelekea kwako, mkia unapepea kidogo tu, anakuja sambamba na ukingo, mita moja tu kutoka kwenye nyasi. Anageuka upande, anaokota kitu kati ya mawe, anarudi njiani. Ukitulia utamwona akizunguka kighuba chake na kurudi baada ya dakika kadhaa. Hesabu muda huo. Huyo ndiye samaki wako wa kwanza, na bado hujafunga nzi.

Kaa mbali na maji hatua tatu au nne, piga goti, na vaa rangi za nyasi. Samaki huona vizuri kilicho juu ya ukingo, na nyayo nzito kwenye udongo tifutifu humfikia kama mtetemo.

Kurusha

Anza na mita sita za kamba. Jione umesimama ubavu mbele ya saa kubwa ya ukutani: kichwa chako kiko kwenye tarakimu 12, na ziwa liko upande wa 9. Inua fimbo taratibu mpaka kamba yote iachane na maji, ongeza kasi, kisha simamisha mkono ghafla fimbo inapoelekea 1. Subiri kamba ijikunjue nyuma. Inapokaribia kunyooka, sukuma mbele kwa kasi inayoongezeka, usimame ghafla kwenye 10, halafu shusha ncha ya fimbo kwa upole kamba inapotua.

Kosa la kila mwanafunzi ni kukata kile kipindi cha kusubiri. Ukisikia mlio wa mjeledi nyuma yako, umewahi; huenda na nzi amekatika. Geuza shingo uitazame kamba mpaka uzoee muda wake.

Penye vichaka nyuma, tumia mrusho wa kuviringisha. Iburute kamba polepole juu ya maji mpaka fimbo ifike karibu na sikio na kamba ining'inie nyuma ya bega, kisha piga mbele na chini kwa mkupuo mmoja. Kamba itajiviringisha juu ya maji na kunyooka. Haifiki mbali, na huhitaji ifike mbali.

Upepo ukitoka upande wa mkono unaorushia, hama au rushia juu ya bega la pili. Na ukisikia radi, hata ya mbali, laza fimbo chini na uondoke penye uwazi. Fimbo ya nyuzi za kaboni hupitisha umeme, nawe ndiwe kitu kirefu kuliko vyote kwenye nyanda ile.

Kuvuta

Mrusho wa kwanza usiende katikati ya ziwa. Uende sambamba na ukingo wa kushoto, wa pili ukingo wa kulia, kisha fungua upana kidogo kidogo mpaka umalize nusu duara. Hivyo humtishi wa karibu kwa kumtafuta wa mbali.

Kwa nzi wa kuzama, kwanza tafuta kina. Nzi akitua, hesabu hadi tano ndipo uanze kuvuta. Mrusho unaofuata, hesabu hadi kumi, kisha kumi na tano. Ukigusa majani, punguza. Ukipata mguso wa samaki, kariri hesabu hiyo, maana wenzake huenda wako kina hichohicho. Vuta kamba kwa vidole, sentimita kumi kwa mara, ukinyamaza kidogo kila baada ya mivuto mitatu au minne. Mara nyingi samaki huuma kwenye kimya hicho, wakati nzi anashuka. Mabuu halisi hayaendi mbio, na wako asiende mbio.

Usimnyanyue nzi harakaharaka mvuto unapoisha. Trauti hufuata hadi miguuni. Zile mita mbili za mwisho zivute polepole zaidi, simama, kisha inua fimbo kidogo ili nzi apande kama mdudu anayetoka majini.

Kwa nzi wa kuelea, kazi ni ngumu zaidi kwa moyo kuliko kwa mkono: mtue mita moja mbele ya njia ya samaki, umwache. Akipanda na kummeza, ngoja mdomo ufunge na kichwa kigeuke chini, ndipo uinue.

Samaki akishika

Inua fimbo isimame, uiache ijipinde. Akikimbia, mpe kamba kupitia vidole vyako au rili, akisimama, irudishe. Akiruka nje ya maji, shusha ncha ya fimbo mara moja ili uzi usikazike. Usimchezee kwa muda mrefu kwa ajili ya picha. Hewa ya juu ni nyembamba kwako, na maji yake pia yana oksijeni pungufu kuliko ya chini yenye ubaridi uleule, kwa hiyo samaki aliyechoka kabisa huchelewa kurudiwa na nguvu.

Lowesha mikono na wavu kabla ya kumgusa. Ute wa ngozi yake ni kinga dhidi ya ukungu wa magonjwa, na kiganja kikavu huuchubua. Chomoa ndoana akiwa majini. Ukitaka picha, mwandae mpiga picha kwanza, kisha mtoe samaki kwa muda wa pumzi moja. Mrudishe ukimshika mkia na kifua bila kukaza, kichwa kikielekea maji safi, mpaka aondoke kwa nguvu zake. Kama ndoana imezama kooni, kata uzi karibu na mdomo, au mhesabu kuwa wa kula.

Wa kula

Chukua wale mtakaowamaliza usiku huo, ndani ya idadi ya leseni. Wa ukubwa wa sahani wanaliwa vizuri kuliko wakubwa. Mpige kichwani kwa kijiti kizito mara moja, kwa nguvu, kisha mpasue kutoka tunduni hadi kidevuni. Toa matumbo na matamvua, na ukwangue kwa ukucha ule mstari wa damu ulioganda kwenye uti wa mgongo. Ukibaki hutia uchungu. Magamba yake ni madogo mno, hayahitaji kuparuliwa. Chungulia tumboni pia: alichokula leo ndicho kitakachokuambia umfunge nzi gani kesho.

Matumbo usiyatupe ziwani wala karibu na hema. Yaweke kwenye kopo lenye kifuniko uteremke nayo pamoja na taka nyingine, kwa kuwa harufu yake huita wanyama.

Mpanguse samaki akauke, mpake chumvi, mkaange kwa siagi au mafuta kidogo kwenye moto wa wastani, dakika nne upande mmoja, tatu wa pili. Ameiva nyama inapoachana na mfupa kwa uma. Ndimu, ugali wa moto, na pilipili kidogo vinatosha.

Wakikataa

Siku itafika samaki wanaonekana na hawataki. Mvuvi mwenye haraka hufungua kisanduku na kubadili nzi, kisha nzi mwingine, mpaka giza. Wewe fuata mpangilio huu. Kwanza, jitazame: je, kivuli chako kinaanguka majini? Rudi nyuma. Pili, badili kina kwa ile hesabu. Tatu, punguza mwendo wa kuvuta kwa nusu. Nne, ufanye uzi wa ncha mwembamba na mrefu zaidi, hasa maji yakiwa kama kioo. Tano, hamia ukingo unaopigwa na upepo. Ukishafanya yote hayo, na dakika arobaini zimepita bila mguso, badili nzi, uchukue mdogo zaidi na mweusi zaidi.

Na kama mchana wa jua kali umewasukuma wote kwenye kina, lala. Amka saa kumi alasiri mawingu yakiwa yamefunika, urudi kwenye kighuba ulichokichunguza asubuhi, usimame hatua nne kutoka majini, na mrusho wako wa kwanza uende karibu.